Jina la Umbo Lianzie Mkononi

Mtoto wa miaka mitano amekaa mbele yangu na mfuko wa kitambaa mapajani. Mkono wake wa kulia umezama ndani mpaka kifundoni, na macho ameyafumba kwa nguvu hadi kope zinatetemeka, ingawa hata angeyafumbua asingeona kilichomo. Vidole vinazunguka taratibu. "Moja," anasema. "Mbili. Tatu. Nne." Anasita, anasogeza kidole tena. "Tano." Kipande alichokishika ni pembetatu ya ubao.

Kuhesabu alikuwa anajua. Alichokosa ni mahali pa kuanzia. Ukingo wa umbo huzunguka ukarudi ulikotoka, na usipoweka alama utapita kwenye pembe ile ile mara ya pili ukidhani ni nyingine. Nikamwambia aingize na mkono wa kushoto, aibane pembe moja kwa kidole gumba, asiiachie, halafu mkono wa kulia uondoke hapo na kuzunguka mpaka ukutane tena na gumba. "Moja. Mbili. Tatu." Kimya kidogo. Kisha macho yakafumbuka, kipande kikiwa bado mfukoni. "Kumbe ni pembetatu!"

Hiyo kumbe ndiyo iliyonifanya niandike. Mtoto huyu alikuwa anaitaja pembetatu tangu mwaka uliotangulia. Ukimwonyesha mchoro ukutani anaitaja hujamaliza kuuliza. Jina alikuwa nalo. Ila ndani ya jina hilo hakuwahi kusikia pembe, wala hakuwahi kusikia tatu, mpaka vidole vyake vilipozikuta gizani.

Wengi wetu, wazazi na walimu wa awali, tumezoea kuanza na jina. Bango linabandikwa ukutani, fimbo inaelekezwa, darasa zima linaitikia: duara, mraba, mstatili, pembetatu. Baada ya wiki mbili watoto wanajibu kwa sauti moja na kila mtu anaridhika. Nadhani tumeupindua mpangilio. Mkono utangulie, jina lifuate. Tena vile tunavyoviweka mkononi mwa mtoto vinahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu zaidi ya tunavyofanya sasa, kwa sababu vifaa vingi vinavyoitwa vya kujifunzia maumbo vina kasoro ile ile ya bango.

Kasoro yenyewe ni hii. Itazame pembetatu ya bangoni. Imekalia upande mmoja, ncha inaelekea juu, pande zote tatu ni sawa. Bango linalofuata linayo hiyo hiyo, na kisanduku cha plastiki chenye matundu kinayo hiyo hiyo. Mtoto si mjinga. Akiona kitu kimoja mara mia kikiwa vile vile, anahitimisha kwamba hivyo ndivyo kinavyopaswa kuwa. Mgeuzie ncha ielekee chini, atakwambia imepinduka. Mpe nyembamba na ndefu, pembe mbili karibu zigusane, atakwambia huo ni mkuki. Halafu mchoree umbo lenye pande mbili zilizobonyea kwa ndani, lililosimama vizuri na ncha juu, na atalikubali bila wasiwasi kuwa ni pembetatu, kwa sababu linafanana na ile anayoijua.

Mwaka 1999 Douglas Clements na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na sita, wakiwataka wachague maumbo yaliyochanganywa na mengine yanayoyafanania. Duara karibu kila mtoto alilipata. Mraba uliwashinda wachache. Kwenye pembetatu na mstatili ndipo makosa yalipojaa. Ukifikiri kidogo utaona sababu: maduara yote yana sura moja, hutofautiana ukubwa tu, na miraba vivyo hivyo. Pembetatu zina sura zisizohesabika, nasi tumewaonyesha watoto moja. Lile umbo linalohitaji mifano mingi kuliko yote ndilo tunalolifanyia ubahili.

Miaka arobaini na mbili kabla ya hapo, walimu wawili wa hisabati wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walikuwa wameshaeleza kinachotokea kichwani mwa mtoto wa namna hii. Katika tasnifu zao za mwaka 1957 walipanga ngazi za kuelewa jiometria. Kwenye ngazi ya chini mtu hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua shangazi yake anapoingia mlangoni: huu ni mstatili kwa sababu unafanana na mlango. Kwenye ngazi inayofuata analitambua kwa sifa zake: pande ngapi, pembe za namna gani. Na walisisitiza jambo ambalo natamani kila mwalimu wa awali alishike, kwamba mtu hapandi ngazi hizo kwa kuongezeka umri tu. Hupandishwa na anayoyafanya na namna anavyofundishwa. Kumsubiri mtoto akue hakutoshi.

Mkono unaingiaje hapa? Jicho huliona umbo zima kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo linapomponza mtoto: ameshalijua, ya nini kulichunguza? Kidole hakina uwezo huo. Kidole kinapita mahali pamoja, kisha pengine, kisha pengine, kwa zamu. Kinateleza kwenye upande ulionyooka, kinakwama penye pembe, kinageuka, kinateleza tena. Kwenye duara hakikwami popote. Mtoto mmoja niliyempa duara mfukoni alizungusha kidole muda mrefu, akanung'unika, "Hili haliishi." Sijapata kusikia mwalimu akilieleza duara vizuri kuliko hivyo kwa mtoto wa umri ule.

Wanasaikolojia Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika kitabu chao cha mwaka 1948 kuhusu namna mtoto anavyoielewa nafasi, walieleza majaribio ya kuwapa watoto vitu vya kupapasa nyuma ya pazia. Waliona kwamba wadogo zaidi hukikamata kitu kwenye kiganja na kutulia nacho, wakubwa kidogo hugusa hapa na pale bila mpango, na baadaye kabisa mtoto huanza kupapasa kwa utaratibu, akirudi kila mara kwenye sehemu moja aliyoichagua. Baadhi ya waliyoyahitimisha kuhusu nafasi yamepingwa na waliokuja nyuma yao. Hili la mikono unaweza kulishuhudia kesho asubuhi kwa mfuko wa kitambaa na vipande sita. Kidole gumba kilichobana pembe ndiyo ile sehemu moja ya kurudia, na mtoto anaweza kuonyeshwa.

Basi vifaa viwe vipi? Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya wadogo, aliyoiita nyumba ya watoto, mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alituachia kabati la droo ambalo bado nalistahi, hata kama sikubaliani naye katika kila jambo. Kila umbo ni kipande cha ubao chenye kishikio kidogo, kinachokaa ndani ya tundu lake. Mtoto anakitoa, anafuatisha ukingo kwa vidole viwili, anafuatisha na ukingo wa tundu, kisha anakirudisha. Kisipoingia hakiingii, hahitaji mtu wa kumwambia amekosea. Lakini uzuri wake hasa uko kwenye mpangilio. Droo moja ni ya pembetatu tupu, na hakuna mbili zinazofanana: ya pande sawa, ya pande mbili sawa, ya pande zisizolingana, yenye pembe mraba, yenye pembe butu. Mtoto hawezi kuimaliza droo ile akiwa bado anaamini kwamba pembetatu ni ile ya bangoni.

Droo ya mistatili ndiyo ninayoipenda zaidi. Vipande sita, vyote vina urefu wa sentimita 10. Upana wa kwanza ni 5, unaofuata 6, kisha 7, 8, 9. Na wa sita ni 10. Vipange kwa safu uone: mstatili unanenepa hatua kwa hatua mpaka umekuwa mraba, na hakuna mahali ulipovuka mpaka na kuacha kuwa wa ukoo wake. Mtoto wa miaka minne hutamweleza kwamba kila mraba ni mstatili, wala hakuna haja. Ila mkono wake umeshaipita ile safu.

Hapo ndipo ninapogombana na sentensi moja inayosemwa katika madarasa mengi mno: "Mstatili una pande mbili ndefu na mbili fupi." Inarahisisha somo la leo na kumpa kazi mwalimu wa darasa la nne, atakayelazimika kuifuta. Kinachoufanya mstatili kuwa mstatili ni pembe zake nne, zote zikiwa kama kona ya karatasi. Hiyo kona ya karatasi ni kifaa chenyewe: chana kipande chenye kona moja nzima, mpe mtoto, aipeleke kwenye kila pembe ya umbo aone kama inakaa barabara. Inakaa hapa, hapa, hapa na hapa. Kwenye msambamba, umbo la pande nne lililoegemea upande, inabaki nafasi au kona inazidi. Nimeona watoto wakizunguka chumba kizima na kona zao wakipima dirisha, meza, kitabu, mgongo wa kiti.

Nakiri kwamba lugha yenyewe haiko upande wangu kabisa katika hili. Mstatili ni neno la asili ya Kiarabu, na huko linabeba maana ya kilichorefuka, kwa hiyo wale wanaosisitiza pande ndefu hawakulitoa hewani. Lakini mtoto haoni urefu huo ndani ya neno mstatili. Kwake ni sauti tu. Kwa maneno mengine hali ni tofauti, na nadhani tunapoteza mali kwa kutoyafungua mbele ya mtoto. Pembetatu inajieleza, pembenne na pembetano pia. Mraba umetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa nne, ule ule uliotupa robo na arobaini. Chukua karatasi ya mraba, ikunje katikati, ikunje tena katikati upande wa pili, ifungue: robo nne, na kila robo ni mraba mdogo. Neno na karatasi vinasema jambo moja.

Maumbo mango, yale yenye unene kama boksi au mpira, ndiyo yana utajiri zaidi. Wanahisabati walipotafuta jina la umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, walichukua neno "pia", jina la chombo cha mchezo ambacho mtoto hukizungusha juu ya ncha yake. Mche ni neno la mche wa sabuni, na kutokana nalo tukapata mchemraba, mche mstatili na mcheduara, yaani umbo la kopo. Mtoto aliyewahi kuushika mche mzima wa sabuni kabla haujakatwa ana nusu ya somo mkononi tayari: ukate popote, uso unaojitokeza ni ule ule. Kwa nini tumtume akariri jina kama wimbo wakati neno lenyewe limetoka kwenye kitu anachokishika?

Neno pembe nalo linahitaji tahadhari ambayo niliigundua kwa kuchelewa. Pembe anayoijua mtoto kwanza ni ya mnyama, na pembe ya mnyama huchoma. Nilipompa mmoja pembetatu iliyolala, ile yenye pembe butu pana juu na ncha mbili kali pembeni, alihesabu mbili. Nikamwonyesha ya tatu kwa kidole. Akaigusa, akatikisa kichwa: "Hii haichomi." Alikuwa na hoja. Tangu hapo sisemi pembe ni mahali pakali. Nasema pembe ni mahali kidole kinapolazimika kugeuka, na ninamwacha atembeze kidole asikie kinageuka wapi.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha mwaka 1837 taasisi aliyokuja kuiita Kindergarten, alianza na maumbo mango: mpira kwanza, kisha tufe, mchemraba na mcheduara vya mti, ndipo baadaye vibao bapa, na baadaye zaidi vijiti. Alikuwa na sababu nzuri. Duniani hakuna mtoto anayeokota mraba, huokota boksi. Mraba ni uso wa boksi. Tukimkabidhi kibao cha plastiki chenye unene wa kidole tukamwambia huu ni mraba, tunamchanganya bila kujua, na ndiyo maana watoto wengi huuita mpira duara. Dawa yake ni rahisi: chovya uso mmoja wa boksi kwenye rangi, gandamiza karatasini, inua. Kinachobaki kwenye karatasi ndicho chenye jina la umbo bapa. Simamisha mcheduara uuchovye, utapata duara. Upake rangi ubavuni kisha uuviringishe mzunguko mmoja, utapata mstatili, na hapo watu wazima nao husogea kutazama.

Vijiti nimeviacha makusudi mpaka hapa, maana vinafundisha kitu ambacho vibao haviwezi. Kibao kimeshatengenezwa; kijiti kinamtaka mtoto atengeneze. Mpe vitatu na madonge ya udongo ya kuungia. Atapata pembetatu, aisukume ubavuni, isitikisike. Mpe vinne vinavyolingana: atapata mraba, ausukume, na mraba utainama uwe rombasi. Pande ni zile zile nne, sawa kwa sawa. Kilichobadilika ni pembe. Siku hiyo mtoto ameonyeshwa na mikono yake mwenyewe kwa nini pande sawa peke yake hazitoshi kuliita umbo mraba. Kisha changanya vijiti, kimoja kirefu sana na viwili vifupi sana. Atahangaika, atavuta, atalalamika kwamba havifiki. Mwache alalamike. Si kila vijiti vitatu hufanya pembetatu, na kanuni hiyo atakutana nayo tena sekondari akiwa na kumbukumbu ya vijiti visivyofika.

Kuna wanaosikia haya wakadhani nasema watoto waachiwe vifaa wacheze tu. La. Mwaka 2013 Kelly Fisher na wenzake, Marekani vilevile, walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa miaka minne na mitano katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa maumbo kwa maelezo ya mwalimu, jingine liliachwa licheze na vifaa hivyo hivyo, na la tatu lilicheza huku mtu mzima akiuliza na kuongoza ugunduzi wao. Hili la tatu ndilo lililoyatambua vizuri maumbo yasiyo ya kawaida, na wiki moja baadaye lilikuwa bado linayatambua. Waliocheza peke yao walijenga, wakabomoa, wakafurahi. Kuhusu pembetatu ndefu na nyembamba hawakupata wa kuwauliza kitu.

Kwa hiyo jina lina zamu yake, na mwalimu ana kazi. Utaratibu ninaoutumia ni wa Édouard Séguin, Mfaransa wa karne ya 19 aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili, na Montessori aliuchukua kwake. Kwanza, mtoto akiwa ameshalifuatisha umbo kwa vidole, unalitaja kwa maneno machache: hili ni duara, hii ni pembetatu. Anza na mawili yaliyo mbali kabisa kwa sura, kamwe usianze na mraba na mstatili siku moja. Kisha unaliagiza: nipe duara, ficha pembetatu mgongoni, weka duara juu ya kiti. Hatua hii irefushwe, iwe mchezo, maana hapa mtoto anasikia jina mara ishirini na mikono yake inajibu badala ya mdomo. Mwisho kabisa ndipo unauliza: hii ni nini? Akikosea katikati, usimsahihishe. Kusanya vipande, mrudie kesho. Sisi kwa kawaida tunarukia hilo swali la mwisho, tena mbele ya wageni, na mtoto anajifunza kwamba umbo ni kitu cha kuogopa kukosea.

Gharama isiwe kisingizio. Boksi gumu lililokatwa kwa mkasi linatosha, ilimradi ukate pembetatu saba zisizofanana na si saba zinazolingana. Vifaa vyenye picha za katuni na nyuso zinazotabasamu naviepuka, kwa kuwa mtoto huangalia uso na kusahau ukingo.

Yule mtoto wa mfuko alinirudia siku chache baadaye na vijiti. Alikuwa ameshatengeneza pembetatu, pembenne na pembetano, akazipanga sakafuni kwa safu. Upande wa kushoto wa pembetatu aliacha nafasi. "Pembembili iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia aitafute. Alichukua vijiti viwili, akaviunga kwa udongo ncha moja, ncha ya pili zikaachana. Akazivuta zikutane, vijiti vikalaliana, katikati hakuna kitu. Akajaribu tena, na tena. Kisha akaviacha, akatoka nje, akarudi na vijiti vibichi vinavyopinda. Akakipinda kimoja huku na kingine kule, akabana ncha zote mbili kwa udongo, akaweka kwenye ile nafasi. Alipitisha kidole kuzunguka, gumba la kushoto limebana ncha ya chini. "Moja," alisema. "Mbili." Aliangalia kwa muda. "Ni jani," akasema, akaenda kutafuta kijiti kimoja kwa ajili ya nafasi iliyofuata.